Khams

Tulitoka Sur alfajiri, mimi na Mwalimu Rayya,
kwa mtumbwi wa plastiki, anavyouita kwa dharau ya mapenzi,
futi thelathini na mbili, tanga moja kubwa na moja dogo,
na injini niliyoifungua na kuifunga mwenyewe
kwenye gereji nyuma ya kiwanda cha barafu.
Miaka thelathini na moja alisomesha hesabu wasichana wa Sur.
Sasa ana pensheni na goti bovu,
na Kiswahili cha Wete alichoachiwa na bibi yake,
chenye "ntu" pahala pa mtu.

Siku ya pili Ras al-Hadd ilikuwa imekwisha zama nyuma ya tezi.
Simu haikushika chochote.
Kilichobaki ni redio,
sanduku la kijivu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli mezani,
waya wake ukipanda hadi kichwani mwa mlingoti;
na kila saa moja na nusu jioni mtu tusiyemjua
huisoma bahari nzima kama anaita mahudhurio.

Mwalimu akachonga penseli.
"Mhando, zima feni. Zima taa. Nyamaza."
Nikazima. Hata feni ya kiganja huleta kelele redioni,
huamini mpaka usikie.

Kwanza Bahari ya Oman: mawimbi, mita moja.
Kisha pwani ya Sharqiya.
Kisha Masira, yaani sisi.
Upepo wa kaskazini, akasema yule bwana kwa Kiarabu chake cha ofisini,
kasi yake khams—

krrrrrrrr

na alipochomoza upande wa pili wa mkwaruzo
alikuwa anaaga, anawatakia mabaharia salama.

Khams nini?

Khamsa peke yake ni tano, upepo wa kukaushia nguo.
Khamstashar, kumi na tano: tupike wali.
Khamsa wa ishrin. Khamsa wa thalathin.
Na ile khamsin, ndiyo hamsini yetu,
nilitaka kuitaja, ulimi ukagoma.

"Unaona," akasema Mwalimu, "Kiarabu humtanguliza mdogo mlangoni.
Tano na ishirini. Mkubwa yuko nyuma, anafuta miguu.
Lau yule angesoma kwa lugha ya bibi yangu,
mkwaruzo ungekula chenji tu,
noti zingebaki mkononi."

Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu hayakuwepo.
Baromita ilikaa palepale, imekataa kutoa ushahidi.
Kwenye daftari akaandika 5,
akaweka alama ya kujumlisha,
na mbele yake akachora kijisanduku kitupu
kama vile vya darasa la pili.
"Tujaze thelathini," akasema. "Hamsini ni woga. Sifuri ni uvivu."

Basi tukalikunja tanga mikunjo miwili
bahari ikiwa bado shwari, mimi najiona mpumbavu,
meli ya mafuta inatupita na taa zake zote kama mji wenye sherehe.

Saa nne, kimya.
Saa tano, kimya. Nikaanza kuipenda hiyo tano.
Saa saba na dakika chache birika likaruka,
likafuatwa na dagaa wangu, sahani na yote.
Ulitupiga kutoka tezini, omo ikachimba maji,
sindano ya upepo ikapanda ishirini na mbili,
thelathini na moja, ikajuta, ikarudi,
ikatulia kwenye ishirini na tano
kama abiria aliyepata kiti.
Tanga lililokunjwa halikulalamika.
Mikono yangu ndiyo iliyolalamika.

Asubuhi bwana yule alirudi, sauti safi kama glasi iliyofutwa:
upepo unaendelea, khamsa wa ishrin.
Mwalimu akalifungua daftari lililolowa,
akafuta thelathini, akajaza ishirini,
akatafuta penseli nyekundu mfuko hadi mfuko
mpaka akaipata,
akajikata alama moja.
Halafu akalala na viatu vyake,
usukani akaniachia mimi.