Imetulia

Namba saba wameiandika hivi, kwa herufi ndogo:
"Chupa ya chai, andazi, kisu." Basi.
Kama risiti ya dukani.
Mimi ndiye ninayekifuta kioo chake
kila asubuhi kabla ya saa tatu,
kwa gazeti la jana na siki kidogo,
maana vidole vya wageni hupenda penye katazo.

Siku tatu nilihangaika na nzi.
Nilimfuta, hakuruka.
Nikampulizia pumzi, nikasugua,
mlinzi Kibwana akacheka mpaka akashika ukuta:
"Sikudhani, huyo yumo ndani!"
Kweli, yumo ndani, juu ya andazi,
mguu mmoja ameuinua
na hauteremshi mpaka maonyesho yafungwe.

Vijana wa chuo huja na mabegi yao,
husimama mbali, hulaza shingo:
"Hii imetulia," wanasema.
Imetulia.
Dada Namsifu uliyeipiga, naomba nikuulize,
maana uliponipita mlangoni ulinisalimia kwa jina:
ilitulia saa ngapi?

Chupa ile naifahamu.
Nyekundu, mawaridi mawili ubavuni, moja limechubuka,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ya kwangu, Mbagala Kizuiani, ina mawaridi hayo hayo
na haijapata kutulia hata siku moja.
Usiku wa manane inanung'unika, kizibo kinapumua,
fiii,
kama mtoto mwenye kifua.
Alfajiri inagombewa na mikono mitano.
Mwaka juzi iliazimwa msibani kwa Mama Tabu,
ikarudi baada ya arobaini
na harufu ya tangawizi isiyo yangu.
Andazi nalo, kwetu likilala halinunuliki.
Kwako limelala wiki sita
na watu wanalipa kiingilio walitazame.

Sisemi kwa kejeli.
Jana umeme ulikatika saa nane mchana.
Ukumbi ukawa mweusi, joto likaingia bila tiketi,
wageni wakatoka kupunga upepo uani.
Nikabaki na ndoo.
Na gizani, dada, niliiona namba saba
vizuri kuliko chini ya taa zako.
Niliona kisu kilivyolazwa:
mpini kwa mtu, makali kwa andazi,
kama aliyekishika aliitwa nje ghafla
akasema nakuja sasa hivi, msinimalizie.

Hajaja.
Kivuli cha bega kipo kwenye kitambaa cha meza,
pembeni kushoto, kidogo, ungedhani doa.
Sijui ni bega lako wewe mpigaji
au la huyo aliyetoka.
Nililisugua hilo nalo, wiki ya kwanza.
Wallahi nililisugua sana.

Umeme uliporudi feni zikaanza kukohoa.
Kibwana akauliza mbona nimekaa sakafuni.
Nikamwambia napumzisha mgongo.
Kisha nikaenda namba nane,
ndala mbili na limau,
nayo imejaa vidole.