Mafuta Juu ya Turubai

Wameniletea Rispa kafungwa kwenye blanketi
kutoka nyumba ya Karen inayopigwa mnada, yeye na vikombe na kinanda.
Mchoraji hajulikani. Mwaka ni elfu moja mia nane sabini na kitu;
tarakimu ya mwisho mchwa wameila pamoja na fremu.
"Safisha tu," dalali alisema. "Usiongeze kitu."

Siongezi. Hapa Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
nazungusha pamba kwenye kijiti, nailowesha kwa mate,
mate yangu mwenyewe, maana hakuna dawa iliyoyashinda bado
kwa masizi ya miaka mia na hamsini,
nafuta duara dogo dogo, kama mama anavyomfuta mtoto tongotongo
mlangoni pa kanisa.

Vanishi imegeuka chai ya rangi.
Jumatatu nikatoa mwamba chini yake.
Jumatano, gunia alilolitandika juu ya mwamba.
Ijumaa, fimbo, na mkono ulioishika, kucha zimevunjika.
Na yale niliyoyadhania mawingu
Jumamosi yakawa ndege.

Wanawe wako juu kabisa, penye giza.
Wamechorwa miguu tu. Nyayo kumi na nne; nimezihesabu mara mbili.
Wawili wake, watano wa mwenzake, akawalinda wote.
Mfalme aliwatoa ili mvua inyeshe,
deni la Sauli, shingo za uzao wake,
naye mama hakuwa na la kumwambia mfalme.
Mchana alifukuza ndege, usiku wanyama.
Tangu mavuno. Hadi mvua.

*Mafuta juu ya turubai*, nimeandika kwenye kadi,
na neno hilo la mwisho likanikwama kalamuni.

Turubai la Nasambu lilikuwa la buluu, limetoboka,
la kufunikia mahindi.
Alilitandika nje ya geti la mochari
walipomwambia vijana wake wamo lakini hawatoki leo,
daktari hajafika, faili haijafika, afisa hajafika.
Wafubwa na Khaemba. Mmoja alikuwa ametoka kununua maziwa.
Siku kumi na moja. Mbwa akawatupia ndala.
Marabu juu ya mgunga aliwatazama tu, nao wakamtazama.

Nilipita hapo nikienda kununua tapentaini.
Mara ya kwanza nilimsalimu. Mara ya pili nilivuka barabara.
Maandiko yanasema mfalme aliambiwa alichofanya Rispa,
akainuka, akaikusanya mifupa.
Mimi pia niliambiwa. Tena niliona kwa macho.
Sikuwa mfalme; nilikuwa na haraka.

Sasa imebaki anga. Nafuta kutoka kushoto,
nikilitafuta wingu analolisubiri.
Hamna. Ni manjano hadi ukingoni.
Aliyemchora alimwacha katikati ya kiangazi.

Mafundi wa kazi hii huacha kipande kisichofutwa,
kijimraba kama ukucha wa kidole gumba,
ili mnunuzi aone giza lilivyokuwa.
Wengi hukificha pembeni, chini ya fremu.
Mimi nimekiacha juu ya gunia, mbele ya magoti yake,
mahali pa mtu kusimama.
Dalali atauliza. Nitamwambia sijaongeza kitu.