Na ya Pili

Bi Nyevu wa Shimanzi aliandika swali saa tatu asubuhi:
nipe makasha yaliyoshushwa
kati ya tarehe tatu na tarehe saba na yenye deni.
Mashine ikamjibu: hakuna.
Hakuna, naye dirishani anayaona,
mekundu, ya kutu, yamepandana hadi juu ya ukuta,
na wenye mali wako mlangoni wakidai risiti.

Nikaitwa mimi, niliyeitunga sarufi ile
kwa stima ya kukatikakatika, ghorofa ya tatu, Makupa.
Nikaifuata sentensi neno kwa neno
kama atafutaye hereni kwenye mchele.
Kosa lilikuwa limekaa kwenye silabi moja.

Na.

Na ya kwanza imeposwa na "kati",
"kati" haisimami bila yake.
Na ya pili ni mpita njia, kazi yake kuunganisha tu.
Mashine haikujua ipi ni ipi.
Ilishika saba, ikashika deni, ikavifunga fundo moja:
saba na kweli, jawabu kweli, na kweli kwake ni moja.
Kisha ikaenda kutafuta, kwa adabu zote,
siku iliyo kati ya tatu na moja.

Sikucheka. Kwetu
mjomba Fumo aliacha barua:
"Duka nampa mtoto wa Rehani aliyenitunza."
Aliyetunza ni Rehani, au mwanawe?
Mwaka wa tisa huu, duka lina kufuli mbili.

Angeandika kikombe cha Rehani kilichovunjika
nani angegombana? Ki kwa ki, tumemaliza,
ngeli ni shahidi.
Lakini mtu kwa mtu, a kwa a,
hapo Kiswahili nacho hunyamaza.

Usiku nikafanya nilichoweza.
Na ya kwanza nikaipa ngeli yake,
nikaandika kanuni: ukishasema "kati",
ukomo wa juu usimeze "na" nyingine
ila iliyofungiwa kwenye mabano.
Mistari minne. Mutinda akaisoma, akauliza,
"Na wanaotaka ile maana nyingine?"
Waweke mabano, nikamwambia.

Asubuhi Bi Nyevu akapata makasha kumi na saba.
Hakushukuru; alikuwa akihesabu.
Mimi nilisimama nje na kahawa chungu,
simu mkononi,
nataka kuongea na Rehani na mwanawe,
sijui nianze na nani.