Hali ya Njia, Alhamisi

Saa kumi na mbili asubuhi nafuta ubao kwa kiwiko,
nachovya chaki kwenye chai ya jana ili maandishi yashike,
naandika:

Korongo la kaskazini: theluji, hatua sitini.
Asubuhi ni kioo, mchana ni uji.
Nyaya za chuma: imara, ila kigingi cha nne
kinacheza kama jino la mtoto.
Maji: hakuna. Mlima huu wa chokaa hunywa peke yake, haubakizi.
Radi: kuanzia saa nane. Saa saba uwe umeshashuka.

Wanafika wakihema, shingo zimeiva kwa jua la Julai.
Kijana wa viatu vya kukimbilia
anaupa ubao kisogo, ananiuliza: Njia iko sawa?
Njia haijambo, namwambia. Hujambo wewe?
Anacheka. Anapanda.
Saa tisa anarudi ameloa hadi kwenye soksi,
hacheki, ananunua supu mbili.

Lakini Alhamisi, saa tatu kamili, hupiga Bi Zalka
kutoka Kranj, ghorofa ya tano,
miaka themanini na sita, nyonga ya chuma.
Nipe hali, husema.
Mara ya kwanza nilimpa kama ninavyowapa wote,
haraka haraka, huku nakata mkate,
naye akanikatiza:
Polepole, binti. Bado niko darajani.

Tangu siku hiyo naacha kisu.
Namvusha daraja, ubao wa tatu umeoza, ruka.
Namwonyesha duara jekundu lenye kitovu cheupe
juu ya kila jiwe la kona,
mavi ya mbuzi-mwitu, mabichi, wamepita usiku,
na ile harufu ya msonobari jua linapoupata gome.
Kwenye mwinuko nasikia kiti chake kikilia.
Nanyamaza. Namwacha apumue.
Tukifika kwenye benchi tunakaa.
Benchi alilipigilia Lovro, mumewe, chini ya msonobari mkubwa,
misumari saba, mmoja umepinda,
na kila wiki huniuliza kama bado umepinda.

Jumanne usiku mvua ilikuja na mawe.
Nililala na viatu.
Alfajiri bega zima la mlima lilikuwa limeshuka bondeni,
na msonobari, na benchi,
pameachwa kidonda cheupe, bado kinadondosha changarawe.
Jumatano nilibeba kopo la rangi,
nikachora madoa mapya, kushoto, juu kwa juu,
mikono ikitetemeka hata duara la kwanza likawa yai.

Halafu Alhamisi. Saa tatu.
Nilikuwa na taarifa mbili mdomoni.
Mmoja tu kati ya wote wanaoniuliza
hatalikanyaga jiwe hilo kamwe.
Uongo wangu usingemvunja mtu mguu.
Ningeweza kusema: umepinda, Bi Zalka, bado umepinda.

Ubao ulikuwa unanitazama.
Nikamvusha daraja. Nikampitisha mbuzi-mwitu.
Kwenye mwinuko kiti kikalia,
nikamwacha apumue zaidi ya kawaida,
kisha nikamwambia.

Sikusikia kitu. Saa ya ukutani kwake, labda.
Mtu alipiga honi huko chini mtaani.
Mlangoni kwangu wapandaji wawili walisubiri ufunguo wa choo,
nikawapungia mkono wangoje.

Njia mpya umeipitisha wapi? akauliza.
Kushoto, juu ya mawe.
Kuna kivuli?
Hakuna. Jua tupu.
Inaongeza kiasi gani?
Dakika arobaini, ukienda kwa mwendo wako.

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma,
nyayo zikiburuzwa, mlango wa kabati.

Basi subiri, akasema kwa mbali,
nichukue kofia.