Kikombe cha Msumarini

Barabara ya Tano, nyuma ya duka lililokuwa la vitenge
na sasa ni la simu, pana ua wa saruji,
na ukutani, usawa wa bega la mama yangu,
pana msumari.

Ulikuwa na kikombe.
Cha bati, cheupe, ukingo wa buluu,
kimebanduka rangi pale midomo inapogusa.
Kilikuwa cha mama. Nikija likizo, kilikuwa chetu.
Ndani, kabatini, vilikaa vya kauri, vyenye maua;
mama aliviosha miaka kumi na tisa
asijue chai humo ina ladha gani.

Hakuna aliyetukanwa. Niseme ukweli.
Manjulaben alimimina kutoka juu, mkono umenyooka,
birika lisiguse ukingo,
na sukari hakutubania.
Sikukuu ya taa alitupa vitamu vya maziwa na shilingi mpya,
akachora maua ya unga kizingitini,
nasi tukaambiwa tupite nyuma.

Leo nina ofisi Mtumba, kitambulisho shingoni,
nimepanga chumba na sebule ghorofani kwake.
Si kisasi. Maji hayakatiki sana, na kodi nafuu.
(Labda kisasi kidogo. Kama chumvi kwenye maandazi.)

Jioni, upepo wa Septemba ukishapaka kila kitu vumbi,
ananiita: Nyemo! Njoo unishikie hii.
Ni simu. Ni Jitesh, yuko Toronto, kanyoa masharubu.
Ni Hetal, anaishi na mtu, mwaka wa tatu,
hawajauzunguka moto.
"Nyota zao hazikusomwa," ananinong'oneza,
"dhahabu haikupimwa, hata ukoo sijaulizwa."
Kisha anacheka, meno ya bandia yanacheza:
"Mimi nilikuwa nasema, watu watasemaje?
Sasa watu wenyewe wako wapi?"
Wa duka la baiskeli, Leicester.
Wa mashine ya kukoboa, Dar.
Waliobaki anawahesabu kwa mkono mmoja,
vidole vya manjano kwa bizari,
na vidole vinabaki.

Mjukuu alikuja kutembea, Juni.
Jumamosi akarudi usiku kutoka Msalato,
shati linanuka moshi wa mbuzi.
Nyumba hii haijawahi kuchemsha hata yai.
Akalinusa. Akalinusa tena.
Akalitia kwenye beseni, akalifua mwenyewe.
Asubuhi akamuuliza kijana kama alishiba.

Juzi nilishuka kulipa kodi.
Kaketi jikoni, mikono inatetemeka
kama mshale wa redio ya zamani ukitafuta stesheni.
Kabatini, vya maua vimebaki viwili.
Vingine vimemponyoka, kimoja kimoja, tangu masika.
Akanimiminia katika kimoja, na kisosi chake,
chai nyingine ikamwagikia mezani,
tangawizi ya kukutoa machozi.
Naye akakishika, kwa mikono miwili,
cheupe, cha bati, ukingo wa buluu.

"Hiki hakivunjiki," akasema.

Alikumbuka? Sijui. Uso wake ulikuwa ndani ya mvuke.
Nilikuwa na maneno, nimeyatunza tangu darasa la tatu,
nimeyakunja vizuri kama nguo ya Pasaka.
Nikayatafuta. Yalikuwa yamenibana.

Nikanywa.
Ni ileile, mama.
Miaka yote ile, chai ni ileile.

Nikaviosha vyote viwili, maji mamoja.
Cha maua nikakirudisha kabatini.
Cha bati mkono ulitoka nacho wenyewe, kwa mazoea,
mpaka uani, mpaka kwenye msumari.
Siku hizi uko usawa wa kifua changu.
Nikasimama pale, kinadondosha maji kwenye kiatu cha ofisini,
muda mrefu,
hata akaniita kuuliza
kama bomba limekatika.