Sakafu ya Ludovika

Niliitwa kuziba ufa, basi.
Saruji mifuko sita, mchanga wa Weruweru,
na sakafu ya kilabu iliyobonyea
chini ya benchi la Valeriani.

Miaka kumi na tisa Valeriani ameinamia kushoto
kabla hata hajaonja,
na Kibosho nzima ikacheka: mbege ya Ludovika
humtangulia mtu mlangoni.
Hakuna aliyeleta pima maji.
Mimi nilileta. Kiputo kikakimbilia pembeni
kama mdaiwa aliyemwona mdai.
Nikasema, mama, huyu mzee hajalewa.
Ardhi ndiyo imelewa.

Pigo la tatu la sururu halikurudisha sauti.
Tulisikia udongo ukianguka,
ukaanguka muda mrefu kuliko inavyofaa udongo.
Halafu ukapanda ubaridi wa kisogo cha mlima,
wenye harufu ya majivu
na kitu kama samli iliyosahauliwa.

Proti, kijana wangu wa kazi, akashuka
kwa kamba ya ng'ombe na tochi ya simu.
Akanyamaza. Kisha akaanza kutaja
kama mtu anayehesabu bidhaa za duka:
vishikizo vya kupandia, ukutani.
Mafiga matatu. Meno ya ng'ombe.
Chungu, nusu.
Njia, inaelekea kihamba cha kina Mallya, ya kutambaa.
Akakawia.
Fundi, hapa pana alama za vidole, vinne na gumba.
Vidogo.
Mtoto alishika ukuta ukiwa mbichi.

Hapo Ludovika akaweka kata yake chini.

Sote tulilelewa na habari hiyo: vita ilipopanda
kutoka tambarare, au ng'ambo ya korongo
kwa binamu zetu wenyewe
(hilo husemwa kwa sauti ndogo),
wanawake, watoto na ng'ombe waliingia ardhini,
akabaki mmoja mdomoni mwa shimo, na rungu,
akisubiri kichwa kisichojua salamu ya nyumbani.
Tulidhani ni mbali. Kijiji kingine. Kwa watalii.
Kumbe tumekuwa tukicheza juu ya dari yao,
tukibishania Simba na Yanga,
tukimwaga kidogo chini, kwa mazoea,
bila kuuliza huko chini ni kwa nani.

Akanivuta nyuma ya kaunta, kwenye kona
alipoweka mitungi bibi yake, na mama yake, na yeye,
hapo tu, kwa kuwa hapo mbege haichachi upesi.
Shirima wa barabarani ana jokofu, na ya kwake huchacha.
Akasogeza gunia la ulezi. Nyuma yake, tundu
la upana wa ngumi ya mtoto.
Nikaweka kiganja.
Likapumua.

Mtendaji alikuja saa nane, viatu vyeupe.
Jazeni kifusi, akasema, watu wasije wakafa.
Valeriani akasimama, mara ya kwanza tangu asubuhi.
Watu wepi? akauliza.
Hakujibiwa.

Sikujaza. Nilisuka nondo, nikamwaga juu
jamvi la zege la kubeba hata harusi.
Lakini kabla sijafunika, Ludovika alichuma isale mpakani,
akalitangulizа shimoni, kisha kata iliyojaa, kwa kamba,
polepole, kama anayempelekea mgonjwa uji.
Alionja yeye kwanza. Mpishi huonja kwanza
ili mnywaji ajue hakuna sumu,
hata mnywaji wa chini.
Kamba ilirudi nyepesi. Labda kata iliegama, ikamwagika.
Sikuuliza. Mimi ni fundi.

Benchi sasa limenyooka. Valeriani analalamika,
anasema anahisi kuanguka kulia.

Risiti niliiandika hivi:
saruji, mifuko kumi na minne.
Nondo, ishirini.
Kazi, siku tatu na nusu.
Kuacha tundu, bure.