Sombe ya Nwazeti

Ulianza kutema mwezi wa sita,
baridi ya kiangazi ikiwa bado imelala juu ya mabati.
Nilikuta chini ya dirisha lako, Nwazeti,
madonge ya nyasi yaliyosokotwa na ulimi,
yamelowa mate, marefu kama vidole,
moja, na jingine, na jingine,
kama maneno ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Nikadhani ni panya. Nikadhani ni madeko.
Mbavu zako ndizo zilizonisahihisha.

Daktari Nkulu alikuja na pikipiki kutoka Kasapa,
akavua saa, akazamisha mkono hadi kiwiko,
akapapasa huko nyuma kwenye magego
macho kayainua darini, kama anayetafuta funguo mfukoni.
“Hapa laini kama sabuni. Hapa shimo. Hapa hamna kitu.”
Akajifuta kwenye suruali.
“Hamu anayo, Kaseba. Kinu ndicho kilichokwisha.”

Basi sasa mimi ndimi kinu chako.
Panga, kisiki cha mkaratusi,
na nyasi zilezile za robota, hazikubadilika ila kimo:
tah, tah, tah,
urefu wa kiungo kimoja cha kidole.
Nazipepeta vumbi litoke,
nazilowesha kwenye beseni la bluu lenye ufa,
maji vuguvugu, pumba za mahindi kutoka kinu cha Katuba,
chumvi kidogo. Nangoja zivimbe.
Ukizila kavu zitakukaba, na mimi sina daktari wa usiku.

Chansa wa lindo anaegemea lango, anacheka:
“Siku hizi farasi naye anakula sombe?”
Anakula. Mara nne kwa siku, kama mtoto wa kuachishwa ziwa.
Na ulivyo na haya! Unaingiza pua yote, mpaka macho,
unatoka na ndevu za kijani,
halafu unatazama kando
kana kwamba aliyekula ni mwingine.

Lakini kuna jambo daktari hakulisema.
Beseni unalimaliza kabla giza halijakolea,
na usiku wa Lubumbashi wa mwezi wa saba ni mrefu.
Zamani robota lilikuwa ndilo saa yako:
unatafuna, unapumzika, unatafuna,
mpaka anga lipauke nyuma ya bomba la kiwanda.
Nimekupa shibe, nimekunyang'anya kazi.
Nakusikia ukilamba ukuta.

Mama yangu, kule Kamalondo, mwaka wake wa mwisho,
aliniagiza hindi la kuchoma.
Nikamwambia, Mama, kwa fizi zipi?
Nikampikia uji wa mahindi hayohayo, nikajiona nina akili.
Aliunywa wote. Akashukuru.
Akageukia ukuta.

Kwa hiyo kila jioni, beseni likiisha,
natundika wavuni konzi moja ya nyasi ndefu.
Si chakula. Najua, unajua.
Unazivuta unyasi mmoja mmoja, unazinusa,
unazizungusha shavuni upande ule wenye gego moja,
na ile sauti, kruu, kruu, ya zamani,
inanifikia kitandani, nyuma ya ukuta wa matofali mabichi.
Nalala.

Jumapili Madamu Despina anapiga simu kutoka Thesalonike,
yeye aliyejifunza kuanguka juu ya mgongo wako
akiwa na miaka sita na soksi nyeupe.
“Bado anakula nyasi zake?”
Anakula, Madamu.
Simu inakatika, au anaikata, sijui.

Asubuhi nayaokota madonge.
Leo saba, jana tisa.
Nayafukia kwenye samadi, chini kabisa,
kabla Chansa hajafungua lango.